Tailizi Juu ya Udongo Mweusi

Novemba 4, 2024

Daftari hili la kurasa mia nimelinunua leo dukani kwa Nuruddin, pamoja na kalamu mbili, kwa hasira. Nimeamua kila jambo liandikwe na tarehe yake, maana mji huu wa Bariadi umejaa watu wa kusahau. Siku wakisema "Ngassa, hukusema hivyo," nafungua ukurasa nawasomea. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu alikuwa anaupeleka ofisini kuwaonyesha wageni.

Kilichonikasirisha ni hiki. Mpangaji wangu wa chumba namba tatu, mwalimu wa sekondari, amehama leo asubuhi. Na amehamia wapi? Ukuta kwa ukuta, kwa huyohuyo Nuruddin mwenye duka, ambaye mwaka jana alijenga vyumba vinne vyenye tailizi na choo ndani. Anatoza mara mbili ya kodi yangu, na vimejaa. Mimi nina vyumba sita hapa mtaa wa Malambo, na sasa vitatu ni vitupu. Nilimuuliza mwalimu anakimbia nini. Akasema, "Mzee, ule ufa wa ukutani umekuwa mpana, nilikuwa naona kalenda ya chumba cha pili." Kalenda! Mtu amepata dirisha la bure analalamika.

Novemba 5

Bado nina hasira.

Novemba 9

Fundi Josia amekuja kuangalia nyumba ili anipe makisio ya ukarabati. Ni kijana mpole, anagonga ukuta kwa kidole na kusikiliza kama daktari. Wapangaji walitoka wote kutazama. Nasrin, fundi cherehani wa chumba namba moja, ambaye amekaa kwangu miaka saba na ulimi wake haujapumzika hata siku moja, alileta kabisa kigoda.

Josia akauliza, "Mzee, msingi umekwenda chini kiasi gani?"

Nikamjibu bila kumung'unya. "Urefu wa mtu. Na mtu mwenyewe ni mimi, siyo wewe. Mawe ya mlimani, malori matano. Waliochimba walikuwa wanashushiwa chakula kwa kamba."

Mke wangu Felisita alikohoa. Ana kikohozi cha wakati maalum.

Josia akasema, "Kama ni hivyo, mzee, hizi nyufa ni za lipu tu. Tunachimbua, tunapiga lipu upya, tailizi chini, jipsamu juu, madirisha ya aluminiamu. Ila nakuuliza tena kwa sababu hapa ni udongo wa mbuga, huu mweusi. Kiangazi unapasuka, mvua zikija unavimba. Msingi ukiwa mfupi, unaibeba nyumba unaishusha, unaibeba unaishusha. Hapo usiweke tailizi kabisa."

"Nimesema urefu wa mtu."

Nasrin akasema, "Baba, mimi tailizi sihitaji. Nipigie mlango randa ufunge, na chimba mfereji maji yasisimame ukutani. Basi."

Nikamwambia fundi cherehani ashone.

Novemba 10

Pesa ya ukarabati sina. Ila kuna ng'ombe.

Niandike vizuri hapa. Kaka yangu marehemu Joakim aliacha watoto wawili, Benedikta na Anatoli. Benedikta aliolewa miaka mitano iliyopita kwa ng'ombe kumi na wawili. Kwetu ng'ombe wa dada wanamsubiri kaka yake, naye akioa wanaondoka kwenda kwa wakwe zake. Kwa kuwa mimi ndiye baba mdogo, nimewatunza mimi. Wako Sapiwi, kwa rafiki yangu Machibya, maana mjini hakuna malisho. Anatoli ana duka la kutengeneza baiskeli Dutwa, na hana haraka ya kuoa.

Nyumba ikikarabatiwa, kodi inapanda mara mbili. Nikiuza wanne leo, baada ya miaka miwili narudisha sita. Hiyo ni kumuibia mtoto au ni kumkuzia mali?

Felisita ameniambia, "Baba Faraja, wale ng'ombe si wako." Nikamjibu kwamba mimi peke yangu, mwaka ule wa njaa, nilimvuta fisi mkia akaachia ndama wa Joakim. Amekwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Novemba 19

Mvua ya kwanza. Kubwa. Watu wamekimbilia mashambani kupanda pamba.

Novemba 28

Nimetoka mnadani Dutwa. Wanne wameuzwa. Wachuuzi walitaka kunipunja, nikawatazama tu wakapandisha bei wenyewe. Nilipita nyuma ya kituo cha basi ili nisikutane na Anatoli. Siyo kwa sababu ya woga. Njia ile ina kivuli.

Desemba 6

Sasa waje waone! Nyufa zimefunga! Mvua imenyesha siku kumi na nyumba yangu imejifunga kama kidonda. Ule ufa wa chumba namba tatu leo hauingizi hata wembe. Nilimwita Nuruddin nikamwonyesha. Akatazama, akapapasa, akasema, "Jirani, zinafunga kila mwaka zikilowa. Ngoja jua." Wivu mtupu. Mtu ameona nataka kuwa na tailizi kama zake.

Josia naye anasema tusubiri kiangazi ndipo tuanze. Nikamuuliza kama yeye ni fundi au mtabiri wa hali ya hewa. Kesho anaanza, vyumba viwili kwanza, namba tatu na namba nne.

Desemba 11

Mlango wa Nasrin umegoma kufunguka kwa sababu nyumba imevimba. Ametokea dirishani, na cherehani ikafuata. Alinitukana kwa heshima, akianza na salamu ya asubuhi: "Mwangaluka, baba. Leo nimezaliwa mara ya pili, na mkunga ni dirisha lako."

Desemba 24

Tailizi zimeingia. Nyeupe. Unaona uso wako mwenyewe ukiinama.

Januari 3, 2025

Vyumba viwili vimekamilika. Niliweka viti nje, nikawakaribisha watu waingie bila viatu. Nimewaambia tailizi hizi zinatoka kiwanda kilekile kinachotengeneza za ikulu za nchi tatu. Dalali ameleta watu wawili, mmoja wa halmashauri, mmoja wa kampuni ya kununua pamba, na wote wamelipa miezi sita mbele. Kodi mara mbili! Felisita hakuja kuona. Alisema anachambua mchele.

Januari 12

Anatoli amekuja. Nilidhani amesikia habari za mnada, nikajipanga na maneno. Kumbe ana habari yake: amepata mchumba, Flora, binti wa kijiji cha Zagayu. Wazee wa kule wamekubali ng'ombe kumi na wawili, wakabidhiwe baada ya kuvuna pamba. Mtoto alikuwa anacheka peke yake kama redio.

Akauliza, "Baba mdogo, ng'ombe wa dada hawajambo?"

Nikasema, "Wamenenepa mpaka Machibya anawapitisha getini mmojammoja kwa ubavu."

Felisita akakohoa. Natamani apewe dawa.

Januari 30

Mvua zimekata. Wiki mbili hata tone. Jua linapiga kama lina deni na mimi.

Februari 8

Bado jua. Uani udongo umepasuka, kuku wa Nasrin ametumbukiza mguu.

Februari 15

Naandika kwa hasira.

Saa nne asubuhi yule bwana wa halmashauri alinipigia simu nikiwa sokoni: "Mzee, njoo nyumbani, sakafu inalia." Nikadhani amelewa. Nilipofika nikasikia mwenyewe. Tak. Kimya. Tak. Tailizi zilikuwa zinanyanyuka katikati ya chumba, mbilimbili, zimeegemeana kama paa la kibanda. Ufa umetoka kona ya dirisha la aluminiamu, umeshuka, umevuka sakafu, umepanda ukuta wa pili mpaka kwenye jipsamu. Chumba namba nne hivyohivyo. Vioo viwili vimepasuka bila kuguswa.

Wapangaji wote wawili wanataka kodi yao irudishwe.

Josia alifika akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ufa, kisha akaniangalia. "Mzee, niruhusu nichimbe hapa kona niuone msingi."

Nikamwambia asiguse msingi wangu. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba ameiba saruji, amechanganya mchanga mtupu, na kwamba nitamshtaki.

Akasema taratibu, "Mifuko umenunua wewe, mzee. Ukaihesabu wewe."

Nimempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Pikipiki yake imewekwa ofisini mpaka shauri liishe. Sasa anatembea kwa mguu na ndoo ya vifaa kichwani. Vizuri. Ajifunze.

Februari 16

Nasrin hakunisalimia leo. Miaka saba hajawahi kukosa kunisalimia, hata siku za kunitukana.

Februari 20

Mwenyekiti ameamua: Jumamosi watu wachimbe kona ya nyumba, waone. Kama msingi ni urefu wa mtu, Josia analipa, na pikipiki inauzwa. Kama siyo, shauri limekufa.

Februari 21

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Mwaka 2009 nilikuwa na hela ya mawe ya malori matano, kweli kabisa, mkononi. Lakini nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kujenga mjini. Ningeanzaje kimya kama mwizi? Nikachinja dume, nikaita watu, ngoma ikapigwa siku mbili, walikuja watu elfu moja. Sawa, mia mbili. Ilipoisha, mawe yaliyobaki mfukoni ni ya nusu lori. Tulichimba mpaka hapa, chini ya goti langu, tukapanga kozi mbili za mawe, tukapandisha tofali. Felisita anajua. Ndiye aliyekuwa anabeba maji ya kuchanganyia.

Nimeisema hadithi ya malori matano miaka kumi na tano. Nimeisema mpaka nikisimama uani nasikia lori likirudi nyuma kumwaga.

Kesho wanachimba. Naweza kwenda kwa mwenyekiti asubuhi nifute shauri, niseme namsamehe Josia. Hiyo nzuri. Nitaonekana mtu mkubwa.

Februari 22

Nilichelewa. Nilipofika ofisini mwenyekiti alikuwa ameshatangulia nyumbani kwangu na majembe.

Walikuwa watu kama arobaini. Nuruddin amefunga duka. Wapangaji wake, wapangaji wangu, wauza vitumbua. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi kama mzazi nimeamua kumsamehe huyu kijana."

Josia akajibu kabla ya mwenyekiti. "Sitaki msamaha, mzee. Nataka jembe."

Akachimba mwenyewe. Alianza saa tatu, na saa tatu na robo alikuwa amemaliza. Sikudhani inaweza kuwa haraka hivyo. Udongo mweusi, mkavu, unatoka mabonge. Kozi moja. Kozi ya pili. Kisha jembe likapita chini ya nyumba yangu, likaingia lote, bila kugonga kitu.

Watu hawakucheka. Heri wangecheka.

Nasrin ndiye aliyesema. "Baba, yale malori matano yalipotea njia?"

Hapo ndipo walipocheka, wote, mpaka mwenyekiti alivua kofia akajifunika. Nikafoka. Nikawaambia udongo umeyameza mawe, kwamba mbuga inameza vitu, kuna trekta zima lilimezwa Itilima. Niliongea sana. Nikawa nasikia sauti yangu na siwezi kuisimamisha.

Kumbe Anatoli alikuwa nyuma ya watu, na baiskeli yake. Alikuja kuniletea ujumbe wa Zagayu. Watu walipoanza kuondoka akanisogelea, hakunyanyua sauti.

"Baba mdogo, tailizi umezinunua kwa nini?"

"Kwa nini kivipi?"

"Kwa hela ipi?"

Felisita alikuwa amesimama mlangoni. Hakukohoa. Angekohoa ningejua la kusema.

Nikasema, "Wamebaki wanane."

Akazungusha pedali ya baiskeli kwa mguu. Kisha akasema, "Wale siyo wangu. Ni dada. Mimi nikiwaangalia wale namwona Benedikta anaondoka nyumbani na sanduku. Wewe umemweka sakafuni, watu wanavua viatu."

Akapanda baiskeli akaondoka. Dutwa ni mbali kwa baiskeli na jua lile.

Februari 24

Josia amerudishiwa pikipiki yake. Nilimkuta ofisini, nikamwambia, "Umechimba vizuri." Akasema asante. Ni heri angenipiga.

Machi 2

Nimemwita Josia anipe makisio ya kweli, safari hii bila uongo wa mtu yeyote. Amepima nyumba nzima. Kuchimba kipande kwa kipande chini ya kuta zote, kufunga mkanda wa zege na nondo, kisha kumaliza vyumba vyote sita. Amenisomea, nikamwambia arudie, akarudia, haikupungua.

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Niwauze ng'ombe wanane wote na bado nikope. Kodi ikiwa mara mbili, vyumba vyote vikijaa, chumba kisikae kitupu hata mwezi mmoja, mpangaji asitoroke hata mmoja, hela inarudi baada ya miaka tisa na kitu. Anatoli ana miaka ishirini na saba. Flora atamsubiri mwanaume wa miaka thelathini na sita kwa ajili ya jipsamu?

Lakini nikiiacha ilivyo, watu watapita barabarani wakisema ile ndiyo nyumba ya malori matano.

Machi 5

Nuruddin alikuja uani. Nilikuwa nimeshaandaa matusi. Akakaa kwenye kigoda cha Nasrin, akasema, "Ngassa, nikwambie kitu sijamwambia mtu. Nyumba yangu ya kwanza ilianguka. Siyo hapa, upande wa stendi. Udongo huuhuu. Ndiyo maana hii nilichimba mpaka nikakuta changarawe. Msingi ulikula nusu ya pesa zote. Vyumba vimejaa, unaniona tajiri, lakini sijarudisha hata robo. Ningejua, ningeongeza mzigo dukani."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Desemba.

"Nilikwambia ngoja jua."

Nimekasirika mpaka sasa. Miezi minne namchukia mtu huyu kwa sababu ya utajiri ambao hana.

Machi 17

Mvua zimerudi. Nyufa zinafunga. Sizitazami.

Aprili 6

Nimeamua. Naandika ili nisijibadilishe kesho.

Ng'ombe wanane hawaguswi. Nyumba haikarabatiwi. Upande wa chini, vyumba namba nne, tano na sita pamoja na ardhi yake, namuuzia Nuruddin. Anataka ghala, atabomoa, atachimba anavyojua. Madirisha ya aluminiamu nimeyang'oa nikayauza kando. Wale wapangaji wawili wamerudishiwa kodi yao. Kilichobaki kinanunua ng'ombe wanne. Upande wa juu vinabaki vyumba vitatu, kwa kodi ileile ya zamani, na mpangaji anaambiwa mapema kuhusu nyufa.

Nilimwambia Felisita nikidhani atafurahi. Akasema, "Wawe mitamba. Benedikta aliolewa kwa mitamba, usimletee mtoto madume mazee." Basi.

Aprili 9

Josia amechimba mfereji kuzunguka nyumba, na mlango wa Nasrin umepigwa randa. Kazi ya siku moja. Gharama yake sitaiandika hapa, kwa sababu nikiiandika nitaumwa. Nasrin amefungua na kufunga mara kumi. "Baba, kumbe ulikuwa na uwezo huu wote."

Mei 11

Mitamba wanne wamefika Sapiwi. Nimewachagua mwenyewe. Machibya anasema hajaona wa kufanana nao mwaka huu, na Machibya hanisifii kwa kawaida.

Mei 25

Nimekwenda Dutwa, nikapita mbele ya kituo cha basi. Anatoli alikuwa anakaza spoku. Nikasimama. Nikasema wametimia kumi na wawili. Akaendelea kukaza mpaka gurudumu likazunguka bila kuyumba.

Kisha akasema, "Baba mdogo, Zagayu tunakwenda Juni tarehe kumi na nne. Utakuja. Wewe ndiye baba yangu, utakaa mbele."

Nikaanza kumwambia nimeshatayarisha hotuba. Ninayo hotuba, nimeitunga tangu Januari, ina fisi ndani yake.

"Utakaa mbele," akasema, "ila usiongee. Ataongea Machibya."

"Nisiongee kabisa?"

"Ukisalimiwa, itikia. Ukiulizwa, sema ndiyo."

Nimerudi Bariadi nimesimama kwenye basi njia nzima, na viti vilikuwepo.

Juni 2

Mimi! Niliyekuwa nasimamisha mnada kwa sauti! Nikae kama gunia!

Juni 14

Tumetoka Zagayu sasa hivi.

Ng'ombe wameswagwa tangu jana, wakafika wamesimama vizuri. Wazee wa kule walizunguka zizi, wakatazama meno, wakahesabu mara mbili. Kumi na wawili. Machibya akaongea. Machibya hajui kuongea. Alisema maneno sita, akakaa, akasahau hata kumtaja marehemu Joakim, na mimi ulimi nimeubana kwa meno. Mzee mmoja akadai kwamba Zagayu ndiko kwenye ng'ombe wakubwa kuliko Sapiwi, akaniangalia. Nikasema ndiyo. Mwingine akasema zamani aliua chatu wa futi thelathini. Futi thelathini! Mimi nina chatu wa hamsini. Nikasema ndiyo.

Anatoli alikuwa ananitazama muda wote. Flora alipoletwa kutusalimia alipiga magoti mbele yangu kwanza, akasema, "Mwadila, baba." Nikaitikia. Tukala. Wakakubali.

Wakati wa kuaga baba yake Flora alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akageuka kwa ndugu zake wote, akasema kwa sauti: "Nimefurahi binti yangu anakwenda kwa watu hawa. Nilikuwa na wasiwasi. Lakini nimemtazama huyu baba mdogo mchana kutwa. Mtu mtulivu. Mtu wa maneno machache."

Felisita alitoka nje haraka. Nilimsikia nyuma ya zizi, na safari hii hakikuwa kikohozi.

Nikamtazama Anatoli. Naye alikuwa ananitazama, midomo ameibana.

Nikasema ndiyo.